Usiniambie Ni Kizuri, Niambie Kinamfaa Nani

Kitabu nilichomwazima binamu yangu kilirudi baada ya miezi minne. Kilirudi kikiwa safi, jalada halina hata mkunjo, na ndani yake kulikuwa na kipande cha karatasi alichokitumia kuwekea alama alipofikia. Karatasi ilikuwa kwenye ukurasa wa 31.

“Kizuri sana, kaka,” aliniambia.

“Umekipendea nini?”

“Ah, pale... pale mwanzo mwanzo.”

Sikumlaumu. Sauti ile naijua kwa sababu nami nimewahi kuitumia mara nyingi, nikirudisha vitabu vya watu kwa adabu zote na uongo kidogo. Kosa lilikuwa langu. Nilimkabidhi kitabu kile kwa maneno matatu tu, “Lazima ukisome hiki,” nikaondoka nikijiona nimetenda wema. Sikumuuliza siku hizo anasoma nini, wala anapata saa ngapi ya kusoma. Alikuwa na mtoto mchanga. Alikuwa akisoma dakika kumi kumi, usiku, mkono mmoja umembeba mtoto. Nami nikampa riwaya yenye wahusika zaidi ya ishirini na miaka inayorukaruka mbele na nyuma, ya kumtaka msomaji akae saa mbili bila kuinuka. Kwa kweli sikumpendekezea kitabu. Nilikuwa nampigia debe mwandishi nimpendaye, na kando kidogo nikijipigia debe mimi niliyekimaliza.

Hapo ndipo mapendekezo mengi ya vitabu yanapokwama. Tunamweleza mtu habari za kitabu, na zaidi tunamweleza habari zetu, lakini yeye mwenyewe hatujamsoma. Matokeo yake ni rafu zilizojaa vitabu vya “lazima usome” ambavyo havijasomwa, na wasomaji wanaojiona wavivu kumbe walipewa tu dawa ya mgonjwa mwingine.

Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza, na sijui kama kuna mahali methali hiyo inafaa kuliko kwenye mazungumzo ya vitabu. Mtu aliyekipenda kitabu, kurasa mia za mwanzo zinazosuasua huziita “kujenga msingi.” Mhusika asiyeeleweka humwita “mwenye utata wa kibinadamu.” Mwisho uliokatika ghafla kama kamba mbovu huuita “mwisho ulio wazi.” Si kwamba anadanganya. Amekwisha kuingia ndani ya nyumba, amezoea mlango unaokwama na ngazi iliyovunjika, haoni tena. Anayesimama nje ndiye atakayejikwaa.

Methali nyingine, ile ya kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza, kwa vitabu naona haifai kabisa. Kitabu kizuri hakijiuzi. Hukaa kwenye rafu kimegeuza mgongo miaka kumi, mpaka kinywa cha mtu kikitaje. Kwa hiyo sisemi watu waache kupendekezana. Karibu vitabu vyote vilivyonifaa maishani nilivipata kwa mdomo wa mtu, na vichache sana kwa tangazo. Ninachosema ni kwamba kupendekeza ni kazi, na wengi wetu tunaifanya kwa pupa.

Mwaka 1886 John Lubbock, mwanabenki na mbunge wa Uingereza, alitoa mhadhara katika chuo cha wafanyakazi mjini London, akataja vitabu vipatavyo mia moja ambavyo aliona mtu anayetaka kujielimisha angefaa kuvisoma. Gazeti la Pall Mall Gazette likawaomba watu mashuhuri waseme lao. Mhakiki wa sanaa John Ruskin alichukua kalamu akafuta sehemu kubwa ya orodha ile. Mwandishi Oscar Wilde akajibu kwa kejeli kwamba vitabu viko vya aina tatu: vya kusoma, vya kusoma tena, na vya kutosoma kabisa, na kwamba atakayewatungia watu orodha ya vitabu mia moja vibaya kupita vyote atakuwa amewatendea wema wa kudumu.

Utani wa Wilde una ukweli, lakini ugomvi ule wote ulikuwa juu ya vitabu gani viingie na vipi vitoke. Msomaji hakuwamo. Mfanyakazi aliyetoka zamu amechoka, mwenye mshumaa mmoja na saa moja, alikuwa wapi kwenye orodha ile? Tangu wakati huo orodha za “vitabu mia moja vya kusoma kabla hujafa” hazijaisha, na karibu zote zina tundu hilohilo. Nazisoma kwa raha, nakiri. Nahesabu nilivyosoma, najivuna kidogo, kisha nazisahau. Sikumbuki orodha hata moja iliyonipa kitabu nikakimaliza.

Tuzo nazo? Hapa kuna ushahidi unaostahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2014 watafiti wawili, Balázs Kovács na Amanda Sharkey, walichapisha utafiti wa maoni zaidi ya 38,000 ya wasomaji kwenye mtandao wa Goodreads kuhusu vitabu 64 vya Kiingereza. Walilinganisha vitabu vilivyoshinda tuzo kubwa na vile vilivyofika kwenye orodha ya mwisho ya tuzo hizohizo vikakosa ushindi. Mtu angetarajia mshindi apandishwe na wasomaji. Ikawa kinyume: baada ya tuzo kutangazwa, wasomaji wa vitabu vilivyoshinda waliongezeka, lakini alama walizovipa zilishuka kuliko za vile vilivyoshindwa.

Kitabu hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni watu waliokifungua. Kabla ya tuzo, aliyekichukua alikuwa na sababu yake: anampenda mwandishi, anapenda mambo ya aina ile, au rafiki anayemjua alimnong’oneza. Baada ya tuzo wakaja walioambiwa tu kwamba ni kizuri. Sifa iliwatoa watu kwenye njia zao ikawaleta kwenye mlango usio wao, nao walipoudhika wakakiadhibu kitabu. Na bila shaka matumaini makubwa nayo yana lake, kwa kuwa anayekuja akitarajia muujiza hata chakula kizuri atakiona cha kawaida.

Mwaka huohuo mchumi wa Marekani, Craig Garthwaite, alichapisha uchambuzi kuhusu klabu ya vitabu ambayo Oprah Winfrey aliianzisha mwaka 1996 kwenye kipindi chake cha televisheni. Kitabu alichokitaja kiliuzwa kwa wingi, hilo kila mtu analijua. Lakini mauzo ya jumla ya riwaya za watu wazima hayakuongezeka. Yalishuka katika wiki zilizofuata. Soko halikukua, wanunuzi walihama. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba waliondoka kwenye vitabu vyepesi walivyovizoea wakachukua kizito alichokitaja, na kizito huchukua muda mrefu kukimaliza. Namwona binamu yangu katika takwimu zile, na ukurasa wake wa 31. Wala sisemi Oprah alikosea: vitabu vingi vingekufa bila yeye. Lakini anayewapendekezea mamilioni hana namna ya kumuuliza kila mmoja analala saa ngapi.

Mimi na wewe tunayo.

Ranganathan alikuwa mwalimu wa hisabati nchini India kabla ya kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Mwaka 1931 alichapisha kanuni tano za ukutubi, na mbili kati yake zinafaa kukaa pamoja: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Ukizisoma haraka zinafanana, lakini ya kwanza inaanza na mtu na ya pili inaanza na kitabu, na kazi ya mkutubi ni kusimama katikati akiwakutanisha. Kuna nyingine ambayo watu huipita: okoa muda wa msomaji. Mtu wa hisabati huyo. Alijua kwamba kitabu kisichomfaa mtu hakimpotezei muda wake tu, kinaweza kumpotezea na hamu.

Wakutubi wameifikiria kazi hii kuliko sisi wapenzi tu wa kusoma, na jambo moja wanalolifanya ni rahisi kiasi cha kuaibisha. Hawaulizi, “Unapenda vitabu vya aina gani?” Wanasema, “Hebu niambie kitabu ulichokipenda.” Swali la kwanza humfanya mtu ajibu anavyotaka aonekane: historia, falsafa, mambo mazito. La pili humfanya akumbuke. Na akianza kukumbuka, msikilize kwa makini anachokitaja kwanza, maana hapo ndipo ufunguo ulipo.

Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle aliyejulikana sana kwa kupendekeza vitabu, husema msomaji huingia kitabuni kwa mmoja wa milango minne: kisa, wahusika, mandhari, au lugha. Kila kitabu kina milango yote, ila haina upana sawa. Na kila msomaji ana mlango anaoupenda, hata kama hajawahi kuupa jina. Anayeingia kwa kisa atakwambia, “Sikulala, nilitaka kujua kilichotokea.” Wa wahusika atasema, “Yule bibi nilimpenda, nilihuzunika kitabu kilipokwisha.” Wa mandhari atasema, “Nilijiona niko palepale.” Na wa lugha hatasema sana, atakifungua akusomee sentensi moja, kisha akutazame usoni.

Nilipokutana na fikra hii nilielewa kosa jingine nililolifanya kwa miaka. Binamu yangu huyohuyo, kabla hajapata mtoto, alikuwa mpenzi wa riwaya za upelelezi. Nikadhani anapenda fumbo, nani kaua na kwa nini. Nikawa namletea mafumbo yaliyosukwa kwa ustadi, moja baada ya jingine, na yeye akiyarudisha na ule uso wa heshima. Kumbe hajali nani kaua. Alikuwa anampenda mpelelezi mmoja mzee, mwenye maumivu ya mgongo na ulimi mkali, anayezozana na binti yake kila jioni. Aliingia kwa mlango wa wahusika. Ningempa hadithi ya familia isiyo na maiti hata moja angeifurahia kuliko mafumbo yangu yote. Aina ya kitabu, yaani upelelezi, mapenzi, historia au safari, hutuambia kitabu kimepangwa rafu gani. Haituambii mtu alikifuata kwa nini.

Mlango wa lugha ndio mgumu zaidi kuupendekezea, na kwetu tuliolelewa na ushairi una watu wengi kuliko tunavyodhani. Wapo wasomaji wanaosikiliza kitabu kuliko kukitazama. Wamezoea mizani na vina, sentensi ikichechemea wanaumia, ikitiririka wanasamehe kila kitu, hata kisa kisichosogea. Mtu wa namna hii usimsimulie kisa. Mfungulie ukurasa wowote wa katikati, si wa mwanzo maana kila mwandishi huupiga pasi ukurasa wa mwanzo, asome aya mbili. Dakika moja inatosha. Na kinyume chake, anayefuata kisa usimsomee sentensi tamu, atakuona unamchelewesha.

Kwa lugha kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni tafsiri. Mtu akisema kitabu fulani lugha yake ni kavu, muulize amekisoma katika tafsiri ya nani. Nimewahi kumdharau mwandishi miaka mingi kwa dhambi ya mfasiri wake. Anayependekeza kitabu kilichofasiriwa bila kutaja mfasiri amependekeza nusu.

Sasa, ukishamjua mtu, unasema nini? Mimi nimeacha kabisa maneno kama “kizuri,” “cha ajabu,” “kitakubadilisha.” Hayana taarifa ndani yake. Pendekezo linalonisaidia ni lile linalotaja kasoro. Linganisha haya mawili. La kwanza: “Hiki kitabu ni kizuri mno, kisome, hutajuta.” La pili: “Sura tatu za kwanza zinachosha, zina majina mengi. Ukifika pale ndugu wawili wanapogombea nyumba, hutakiweka chini. Kina huzuni, usikisome ukiwa na msiba. Na mwisho wake wengine wanauchukia.” La pili limekitukana kitabu mara tatu, lakini ndilo litakalonifanya nikichukue, kwa sababu nimepewa ramani. Nikichoka kwenye sura ya pili nitajua ni uchovu wa njia, si kwamba nimepotea. Na kama kweli nina msiba, nitakiacha kwa amani bila kumuudhi mtu.

Mchuuzi hutaja uzuri pekee. Rafiki hutaja na shimo lililo barabarani. Ukiogopa kwamba kutaja kasoro kutamfukuza msomaji, basi huenda huyo hakuwa msomaji wa kitabu hicho, na umeokoa urafiki wako.

Kuna wanaouliza: nikieleza yote hayo, si nitakuwa nimemharibia utamu kwa kumfichulia kisa? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, waliwapa watu hadithi fupi 12, baadhi wakiwa wameambiwa mapema mwisho wake. Walioambiwa walizifurahia zaidi. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2015 ukapata kinyume, kwamba kufichuliwa kulipunguza raha. Kwa hiyo usiitumie sayansi kumtetea yule shemeji anayekwambia muuaji ni nani kabla hujalipia kitabu. Kanuni yangu ni ya kawaida: naweza kusema lolote litakalomkuta msomaji katika robo ya kwanza, na hali ya moyo itakayomkuta mwishoni, lakini tukio la mwishoni silisemi. Kusema “kina huzuni” si kufichua. Kusema nani anakufa ni ufidhuli.

Lipo jambo ambalo nimechelewa kulikubali. Kitabu ukipendacho kuliko vyote mara nyingi ndicho usichofaa kumpendekezea mtu. Kipo kitabu kimoja, sikitaji, kilichonikamata nikiwa na miaka 17. Nilikisoma mara tatu mfululizo. Nilitembea nacho mpaka jalada likachanika. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikimpa kila mtu. Hakuna aliyekipenda, hata mmoja, nami nikawa nawahukumu kimoyomoyo. Hivi karibuni nilikirudia. Kimekonda. Kisa ni chepesi, mazungumzo ni ya kitoto, na yule shujaa niliyetaka kuwa kama yeye ni mtu wa kujihurumia asiyevumilika. Nilichokuwa nikiwapa watu miaka yote hiyo ni umri wangu wa miaka 17, ambao hauwezi kuazimwa. Kitabu hukutana na mtu katika saa fulani, na saa hiyo haijachapishwa ndani yake.

Tangu hapo natofautisha vitabu nilivyovipenda na vitabu ninavyoweza kuvitoa. Orodha ya pili ni fupi na si ya fahari. Ina vitabu viwili au vitatu ambavyo sina mapenzi navyo makubwa lakini nimeona vikiwafaa watu wa namna mbalimbali: aliyeacha kusoma muda mrefu, aliyelazwa hospitali, kijana anayedai kusoma kunamchosha. Kwa huyo wa mwisho neno moja tu: usimpe kile kilichokukuza wewe. Mpe kifupi, chenye mwendo, hata kama wewe hukiheshimu. Anayehitaji kurudi kwenye kusoma hahitaji kwanza kuboreshwa.

Siku hizi kompyuta zimeingia kati. Mwaka 2003 wahandisi watatu wa Amazon, Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York, walieleza kwa maandishi jinsi duka lile linavyopendekeza bidhaa. Wazo lake ni jepesi kuelezeka: badala ya kumtafuta mteja anayefanana nawe, programu huangalia bidhaa zipi hununuliwa pamoja, ikishaona umenunua hiki inakuonyesha kile. Wasomaji wengi huidharau njia hii. Mimi naiheshimu kwa jambo moja, kwamba haina majivuno. Haitaki uione ni msomi. Inafuata ulichofanya, si unachodai kupenda, na kati ya hayo mawili pana umbali mkubwa. Lakini inajua kwamba vitabu viwili vilinunuliwa pamoja bila kujua kwa nini. Mnunulie mpwa wako kitabu cha hesabu cha darasa la tatu, utaletewa hesabu mwezi mzima. Haijui kama ulikimaliza kitabu au ulikitumia kuzuia mlango. Na kwa kuwa inakwenda kwa yaliyokwisha kununuliwa na wengi, hukurudisha kwenye njia zilizokanyagwa. Kitabu cha kando, ambacho hakifanani na chochote ulichosoma lakini kingekufaa wiki hii kwa sababu wiki hii umegombana na baba yako, hicho hakiwezi kuonekana na mashine. Anakiona dada yako.

Vikundi vya usomaji vina mtihani wao tofauti, na sitaumaliza hapa. Nitasema tu kwamba kitabu kilichopendwa na wote ndicho kibaya kuliko vyote kwa kikao. Dakika kumi na tano, “nilikipenda,” “hata mimi,” kimya, halafu watu wanaanza kuzungumzia watoto. Vikao nilivyovikumbuka ni vya vitabu vilivyogawa chumba. Anayechagulia kikundi asitafute kitabu cha kupendeza. Atafute kile ambacho watu wawili wenye akili wanaweza kukisoma wakatofautiana bila mmoja wao kuwa mjinga.

Na anayepokea pendekezo? Naye ana haki zake. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, mwaka 1992, aliziorodhesha haki kumi za msomaji. Ya kwanza ni haki ya kutosoma, ya pili kuruka kurasa, ya tatu kutomaliza. Pearl naye ana kanuni yake: soma kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukishapita miaka 50 ya umri, toa umri wako kwenye 100, zinazobaki ndizo kurasa za kukijaribu kitabu kabla ya kukiacha. Mwenye miaka 70 ana kurasa 30. Naipenda kanuni hii kwa sababu inakiri jambo ambalo wapenda vitabu hatupendi kulitaja, kwamba muda unapungua.

Tatizo ni kwamba haki hizi haziwezi kutumika kama aliyekupa kitabu anasubiri jibu. Pendekezo linalofuatwa na “Umefika wapi?” kila wiki limekuwa mtihani wa shule. Ndiyo maana watu hudanganya, ndiyo maana binamu yangu alikaa na kitabu miezi minne akikiogopa, kikimtazama kutoka juu ya kabati. Siku hizi nikimpa mtu kitabu namtamkia kabisa: kisipokushika kirudishe, sitakuuliza. Kisha siulizi. Hili la pili ni gumu kuliko la kwanza. Na naona heri kuazimana kuliko kupeana zawadi, kwa mtu ambaye hujamjua vizuri. Kitabu cha zawadi mtu hawezi kukirudisha. Atakitunza kama deni lisilolipika, na wewe ukija kumtembelea atakiweka mahali pa kuonekana.

Jambo moja zaidi, nalo ni la wivu. Tunapenda kuwa wa kwanza kukitaja kitabu, na mtu akikipenda tunajisikia kana kwamba tumekiandika sisi. Halafu anaanza kukipendekeza kwa wengine bila kututaja, nasi tunanuna. Nimenuna hivyo, tena mbele za watu. Sina tiba yake.

Miezi michache iliyopita binamu yangu alikuja na mfuko. Mtoto sasa anatembea, anavuta vitabu kwenye rafu ya chini na kuvilamba. Alitoa riwaya nene, ya mwandishi nisiyemfahamu, akaniwekea mezani bila kunitazama.

“Hii si ya kisa,” akasema. “Wewe kisa huna haja nacho. Anza ukurasa wa 40, pale mwanamke anapozungumza na mvuvi, uone anavyoandika. Sura mbili za kwanza ni vita tupu, ruka, hupendi vita. Mwisho wake utakuudhi. Na usiisome kitandani, ni nzito, itakudondokea usoni.”

Nikamuuliza amejuaje kwamba sipendi vita. Akacheka. Alisema kila ninapomweleza kitabu chochote chenye vita, vita huwa navimaliza kwa sentensi moja.

Alipoondoka nilianza ukurasa wa 40.